Mvi zimenizidi na rangi imenikataa: nirudie kupaka au niziache?

MamaWawili, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za leo.

Nina miaka 49. Mvi ya kwanza ilionekana nikiwa na 31, nanyonyesha mtoto wa pili. Mama alikuwa ananisuka kibarazani, mara akaacha kuchana, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Zimekufuata za baba yako." Akaing'oa. Kuanzia hapo nikawa nazing'oa mwenyewe, moja moja, mpaka zikanishinda idadi. Nilipofika 38 nikaanza kupaka piko.

Miaka 11 nimepaka, kila wiki ya tatu, Jumamosi usiku watu wakishalala. Mnaopaka mnajua shughuli yake. Unga wa pakiti unauvuruga kwenye kifuniko cha kopo, maji kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mzito, unapakia mswaki wa zamani. Mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikio ili isikamate ngozi. Taulo moja la kazi hiyo tu. Halafu nusu saa umekaa bafuni na mfuko wa rambo kichwani, unasikilizia geti asije mtu. Mume wangu alijua, watoto walijua, lakini hakuna siku tulilizungumza jambo hili nyumbani.

Mwezi wa tatu nilipaka kama kawaida, pakiti ileile, duka lilelile. Usiku nikawashwa nyuma ya masikio. Asubuhi macho yamefumba kabisa, paji la uso limetuna, na pale nywele zinapoanzia panatoka majimaji. Binti yangu alinishika mkono kunipeleka zahanati kwa sababu sikuwa naona njia. Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikakaa ndani siku tisa. Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alisema, "Mama, ngozi yako imeshaikataa hiyo rangi. Ukirudia, safari ijayo inaweza kuwa mbaya kuliko hii."

Sasa ni miezi minne sijapaka. Nina vidole viwili vya mvi juu, chini yake nywele nyeusi zilizopauka na kuingia wekundu. Najifunga kilemba kila siku.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daladala, kilemba kikalegea. Konda akasema kwa sauti, "Mpisheni bibi akae." Kijana akasimama. Nikakaa. Mwanamke wa pembeni yangu, ambaye kwa macho yangu tulikuwa sawa au ananizidi, akaniambia, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nifanyeje? Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu.

Mwezi wa kumi na mbili binti yangu anavishwa pete. Mdogo wangu wa Tanga ananipigia kila jioni: kuna rangi nyingine, haina dawa kali, nipake tu siku hiyo moja, wakwe wasije wakadhani mtoto kalelewa na bibi yake. Mume wangu nikimuuliza anasema, "Utakavyoamua wewe." Naomba ushauri wa watu waliokwishapita hapa. Nirudie au niziache?

DadaMkubwa55

Pole sana mwenzangu, hasa hilo la macho. Ila nitasema tofauti na watakaokuja kukusifia uzee. Mimi napaka na sitaacha leo wala kesho.

Nilipofiwa na mume nilikaa eda bila kupaka kitu. Miezi minne na siku kumi nikatoka kichwa cheupe, nikarudi kazini hivyohivyo. Nilikuwa na miaka 51. Mwezi wa kwanza tu mkuu wangu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeanza kujipanga na kustaafu. Mafunzo yaliyokuwa yangu akapelekwa msichana. Kwenye vikao nikawa natakiwa kufungua kwa dua. Serikalini sheria inasema 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, lakini mvi zilikuwa zimeshanistaafisha mimi na 51 yangu. Nilipopaka tena, haikupita robo mwaka nikawekwa kwenye safari za kikazi. Kichwani ni mtu yuleyule, na akili ni ileile.

Nina watoto wawili chuoni. Anayetaka kunisema kwa piko yangu aje alipe ada.

Wewe ngozi imekukataza, hiyo ni habari nyingine. Lakini asikwambie mtu kwamba kupaka ni kukosa kujikubali.

Mwl_Pensheni

Dada, mimi niliziacha nikiwa na 44 na sijajuta. Mvi zilinipa heshima. Kikao cha ukoo nilikuwa nasikilizwa mwisho, siku hizi hawafungi mpaka niseme neno. Utu uzima dawa.

DadaMkubwa55

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapo umesema kama mwanaume. Mvi zako wanaziita busara. Za kwetu wanaziita kuchoka. Kichwa kimoja kinapewa kiti cha mbele, kingine kinaulizwa kama kinaumwa.

Mwl_Pensheni

Sina la kukupinga. Nimemuuliza mke wangu hapa, anasema wewe ndiye umesema kweli.

MsusiMagomeni

Mleta uzi, miaka 17 nipo saluni, naomba nikueleze ulichokuwa unapaka maana wengi mnapaka bila kujua.

Unga mweusi wa pakiti na zile rangi za chupa mbili za kuchanganya, nyingi weusi wake unatokana na kemikali inayoitwa PPD. Soma nyuma ya boksi, utaona paraphenylenediamine au p-phenylenediamine. Ndiyo inayoingia ndani ya unywele na kukaa. Ulaya wameiwekea mpaka: ikishachanganywa, kinachofika kichwani kisizidi asilimia 2. Kwetu kuna pakiti zinauzwa mezani hazina hata maandishi ya viambato. Ya namna hiyo usiipeleke kichwani kwako, wala kwa mwanao.

Kuhusu "rangi isiyo na dawa" ya mdogo wako. Mwambie akutumie picha ya nyuma ya pakiti. Nimeshaletewa "hina nyeusi" saluni, nasoma viambato nakuta PPD ileile imo ndani. Hina ya kweli ni majani yaliyosagwa, unga wa kijani unanukia majani makavu, na haitoi weusi hata ukeshe nayo. Juu ya mvi inatoa rangi ya chungwa kuelekea wekundu. Anayetaka weusi kwa njia ya majani anapaka hina kwanza, anaosha, kisha anapaka unga wa nili. Kazi ya nusu siku, na mara ya kwanza inaweza kutoka na ukijani mpaka izoee. Lakini ni majani kweli.

Na chochote kile, hata hina, kipimwe kwanza. Paka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kaa saa 48. Hakuna mteja anayependa kusubiri. Wanataka leo kwa sababu sherehe ni kesho. Mimi siku hizi asiyepimwa simpaki, nimepoteza wateja na nitaendelea kuwapoteza. Mwaka fulani niliwahi kumpaka bibi harusi bila kumpima. Sitaki kuelezea zaidi ya hapo.

Lingine: nywele zenye dawa ya kulainisha usizipake rangi siku hiyohiyo. Ngozi ya kichwa inakuwa imeshachubuka bila wewe kuona, rangi inaingia moja kwa moja.

BiKizimkazi, Unguja

Assalamu alaykum. Nimesoma hapo kwa Msusi nimeshtuka. Bibie MamaWawili, hebu kumbuka: ulipoolewa ulipakwa piko mikononi?

Nauliza kwa sababu hadithi yako ni yangu. Siku yangu ya harusi nilipakwa maua ya piko mpaka kwenye viwiko. Siku ya tatu yakavimba, yakatoka malengelenge kwa mfano uleule wa ua, kila jani na kila kikonyo chake. Yalipopona yakaacha alama nyeupe, nikawa nimevaa ua la harusi karibu mwaka mzima. Wazee wakasema hasad. Miaka ishirini na kitu baadaye nikapaka rangi ya nywele mara ya kwanza, mara moja tu, nikalazwa.

Daktari ndiye aliyeniuliza habari za piko. Akasema mwili ulishamjua adui tangu siku ile, ukawa unamngoja.

MamaWawili

BiKizimkazi, nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kusoma.

Ndiyo. Tanga, 1999. Nilipakwa piko mikono na miguu, na kidole cha mguu wa kushoto kilitoka malengelenge. Tulisema ni kiatu.

Tabibu_wa_Ngozi

Naomba nichangie kama mhudumu wa afya, nafanya kazi kliniki ya ngozi mkoani.

Alichosema BiKizimkazi ndicho tunachokiona. PPD ikipakwa moja kwa moja kwenye ngozi kama urembo, inakuwa nzito kuliko ya nywele na inakaa kwa saa nyingi. Mwili wa baadhi ya watu unaisajili pale. Kuanzia hapo hausahau. Mtu anaweza kupaka nywele miaka na isimdhuru, siku moja mlango ukafunguka. MamaWawili, kwako nitasema bila kuzunguka: rangi yoyote yenye PPD au ndugu zake ni marufuku maisha yako yote, hata tone, hata siku ya pete. Ndugu zake ni pamoja na ile inayoandikwa toluene-2,5-diamine, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye rangi zinazojitangaza kuwa hazina PPD. Ukipata nafasi fanya kipimo cha kubandika viambato mgongoni ujue nini hasa kinakudhuru. Pale Moshi, KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, na hospitali kubwa nyingine zina madaktari wa ngozi wa kukuelekeza.

Sasa mvi zenyewe. Unywele hauna rangi yake. Kwenye shina lake kuna seli zinazotengeneza melanini na kuupaka kila unapokua. Seli hizo zikiisha au zikichoka, unywele unaendelea kuota lakini haujapakwa. Kwa hiyo unywele uliokwisha kutoka mweusi haugeuki mweupe usiku mmoja. Zinazoota baadaye ndizo zinazokuja nyeupe. Sehemu kubwa ni urithi, kama mama yako alivyoona. Kwa sisi weusi, mvi zikijaa kabla ya miaka 30 tunaziita za mapema, na hapo ni vizuri kupima vitamini B12 na tezi ya shingo, maana upungufu wake unaweza kuzileta. Sigara nayo inahusishwa.

Wengi wananiuliza kama mawazo yanaleta mvi. Kwa panya imethibitika: mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba mshtuko huamsha mishipa ya fahamu, nayo humaliza akiba ya seli za rangi. Kwa binadamu kuna utafiti mdogo wa 2021 wa watu 14, ambapo nywele chache zilirudi rangi, na kwa mmoja wao zilirudi alipokwenda likizo. Ni nywele chache tu. Msiuziwe mafuta ya kurudisha weusi kwa habari hiyo.

Mama_Chanja

Tabibu, na saratani? Huku mtaani tunaambiwa rangi inaleta saratani ya matiti.

Tabibu_wa_Ngozi

Swali zuri, na jibu lake halijanyooka. Marekani kuna utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 46,000, ukachapishwa 2019. Waliotumia rangi za kudumu walionekana kuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyozidi kwa asilimia 9. Kwa wanawake weusi waliopaka kila baada ya wiki tano hadi nane au chini ya hapo, ilizidi kwa asilimia 60, lakini wanawake hao walikuwa wachache ndani ya utafiti. Mwaka uliofuata ukatoka mwingine, wauguzi wa Marekani zaidi ya 117,000 waliofuatiliwa miaka 36, na kwa ujumla haukuona ongezeko kwa saratani nyingi. Huo wa pili karibu wote ni wazungu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa linasema kwa mtu anayejipaka ushahidi hautoshi, ila kazi ya ususi na unyozi yenyewe limeiweka kwenye kundi la "huenda inasababisha".

Kwa hiyo Msusi, vaa glavu. Kila siku, kila kichwa.

MsusiMagomeni

Nimekusikia. Nilikuwa navaa kwa dawa ya kulainisha tu.

AbuSalim_Tanga

Dada yetu, upande wa dini kwa anayependa kujua. Siku Makka ilipofunguliwa aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar, kichwa na ndevu nyeupe kama ua la thaghama. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema ibadilisheni kwa kitu, na muepuke weusi. Imo kwa Muslim. Abubakar mwenyewe alipaka hina na katam, mmea mwingine wa kupakia rangi. Ndiyo maana wazee wetu wa pwani unawaona na ndevu za rangi ya hina, hawakuiga urembo. Kuhusu weusi wanavyuoni wamekhitalifiana, wapo waliouchukia kabisa na wapo waliouruhusu kwa hali fulani. Kuzing'oa ndiko kulikokatazwa. Mvi ni nuru ya Muislamu.

Kwa hiyo kubadilisha kumeruhusiwa, na kuziacha hakuna dhambi. Usikubali mtu akakufungia mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Mama_Chanja

Na kwetu Mithali 16:31, kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu kikionekana katika njia ya haki. Mchungaji wangu anaihubiri kila siku ya wazee, na yeye mwenyewe anapaka. Simlaumu. Nasema tu ni vigumu.

Kijukuu_wa_Ganze, Kilifi

Nimefuata huu mjadala tangu jana na nimesita kuandika. Mimi ni Mkenya, natoka Ganze, kaunti ya Kilifi. Huku kwetu swali la dada MamaWawili liko, lakini halihusu wakwe wala kazi.

Huku mvi zinaweza kukuua.

Sizidishi. Mzee akiwa na kichwa cheupe, mtoto akiugua bomani au mtu akifa ghafla, macho yanamgeukia. Anaitwa mchawi. Wengine wanakatwa kwa panga usiku, nyumba zinachomwa. Na ukichunguza chini ya maneno ya uchawi, mara nyingi utakuta shamba. Vijana wanataka kuuza, mzee ndiye mwenye kukatalia. Pale Kaya Godoma kuna wazee waliopewa hifadhi kwa sababu hawawezi kulala kwenye maboma yao wenyewe, boma walilojenga wenyewe, kwa watoto waliowazaa wenyewe.

Kwa hiyo wazee wetu wanapaka rangi. Si kwa urembo. Baba mkubwa wangu ana miaka 74, alikuwa mvuvi Takaungu kabla ya kurudi juu kulima. Hajawahi kuwa mtu wa kujitazama kwenye kioo. Lakini kila kabla ya siku ya soko mimi ndiye ninayempaka. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anavua shati, anainamisha kichwa. Ninaanza na nyusi. Nyusi ndizo zinazomsaliti kwa sababu hata akivaa kofia zinaonekana. Halafu kando za kichwa, halafu ndevu, ingawa anapenda kuzinyoa. Hazungumzi wakati huo wote. Nikimaliza anauliza, "Ziko sawa?" Namwambia ziko sawa, baba. Anavaa shati anaondoka.

Mwanzoni nilisoma uzi huu kwa hasira, nikajisemea watu wanajadili urembo. Nilipofika kwa yule dada wa kazini na kwenu mliopigwa na piko, hasira ikaniisha. Nimeandika ili mjue kwamba kuna mahali mtu anapaka ili arudi nyumbani jioni.

MamaWawili

Kaka yangu, nimesoma mara tatu. Sikujua. Namuombea baba mkubwa.

Nyanda_Shy

Kijukuu, si huko tu. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Kwetu ni macho mekundu. Bibi zetu wamepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe maisha yao yote kwenye majiko yasiyo na dirisha, macho yakawa mekundu kwa moshi, halafu wakauawa kwa wekundu huohuo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaoshea macho maji ya chumvi kabla ya kwenda kwenye msiba. Nilikuwa mdogo, nikidhani anajiandaa kulia.

Macho hayana rangi ya kupaka.

DadaMkubwa55

Naomba nisieleweke vibaya kwa niliyoandika juu. Kazi yangu na uhai wa mzee yule si sawa. Lakini nimeona kitu kimoja: sote tunampaka rangi anayetutazama.

Mpita_Njia_88

Basi MamaWawili ziache hadharani, wanawake wenye nafasi mkizionyesha ndiyo jamii itazoea, na wazee wa Kilifi watapona.

Kijukuu_wa_Ganze, Kilifi

Ndugu Mpita Njia, nia yako ni nzuri, ila usimtwike dada huyu mzigo wa Kilifi. Anayemjia baba mkubwa hatamwacha kwa sababu mama mmoja wa Dar ana mvi. Atamwacha siku hati ya shamba itakapokuwa na jina linaloheshimiwa na chifu akilala macho wazi. Dada aangalie ngozi yake na roho yake.

MsusiMagomeni

MamaWawili, ukiamua kuziacha, kinachochosha ni kipindi cha rangi mbili. Nywele zinaota karibu sentimita 1 kwa mwezi, zetu mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Ukingoja zishuke mabegani ni miaka. Njia mbili: usukwe rasta zenye nyuzi za kijivu zichanganyike, au ukate zile nyeusi zote. Kukata ndiyo njia safi. Mvi ni kavu na zinasimama, mafuta ya nazi kidogo zikiwa bado na unyevu, na usizivute kwa kitana zikiwa kavu. Njoo saluni kwangu nitakukata mwenyewe, silipishi.

MamaWawili

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kimya. Pete imevishwa Jumamosi iliyopita.

Nilikwenda kukata wiki tatu kabla. Msusi ni mtu wa kweli, hakunilipisha. Alikata zile nyeusi zote, zikabaki zile mlizokwisha kuzisikia, urefu wa kifundo cha kidole. Nilipojiona kwenye kioo nilimwona baba. Sura ya baba ile aliyokuwa nayo kitandani hospitali ya Bombo, Tanga, miezi yake ya mwisho, masikio yale, paji lile. Nililia pale kwenye kiti, Msusi akazima draya na kufunga mlango wa saluni. Sikulia kwa uchungu. Nilikuwa nimesahau masikio yake.

Nyumbani mume wangu alinitazama mezani, akasema, "Sasa tumelingana." Yeye ana mvi tangu zamani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mdogo wangu alifika kutoka Tanga siku nne kabla, na pakiti yake. Tulisoma nyuma kwa tochi ya simu. Ilikuwa imeandikwa hina, na PPD ilikuwemo. Yeye anazo mvi chache mbele na anataka kupaka, na sikumzuia. Nilimtafutia hina ya majani, nikampima nyuma ya sikio, tukangoja saa 48 zote yeye akinung'unika. Usiku wa Ijumaa nikamvurugia mwenyewe, na glavu. Zilimtoka nyekundu kama ndevu za wazee anaowasema AbuSalim. Zimempendeza sana.

Siku yenyewe nilifunga kilemba asubuhi nikapokea wageni. Wakati wa kuitwa mama mzaa binti, nilikivua. Hakuna aliyesema kitu, ila mama mkwe wa mwanangu mtarajiwa, mwanamke wa rika langu, nywele nyeusi tii, aliponikumbatia alikaa kidogo zaidi ya kawaida, akaninong'oneza, "Uliacha lini?" Tumebadilishana namba.

Daladala wananipisha bado. Leo nilikaa.

Kijukuu, nimekufikiria siku zote hizi. Baba mkubwa anapakwa pakiti gani? Na mmewahi kumpima?

Kijukuu_wa_Ganze, Kilifi

Hongera dadangu, na Mungu ambariki binti.

Hatukuwahi kumpima, miaka sita yote. Baada ya kusoma hapa niliona aibu. Hina haimfai, wekundu ungewafanya wamtazame zaidi, na nili huku siipati. Kwa hiyo bado ni ileile nyeusi, ila nimetafuta yenye maandishi. Nilimpaka tone nyuma ya sikio juzi alfajiri, akaniuliza hii nayo ni ya nini, nikamwambia ni ya kukuangalia. Leo asubuhi nimetazama kwa tochi. Hakuna kitu.

Kesho ni siku ya soko. Ameshatoa kigoda nje.